Tangazo la Kazi Lisiwe Siri ya Wachache

Kazi ni heshima ya mtu. Kijana aliyemaliza skuli na kupata cheti chake, kisha akakaa barazani miaka miwili au mitatu bila ya shughuli, hapungukiwi na fedha tu. Hupungukiwa pia na sauti mbele ya wazee wake na wenziwe. Kwa hiyo njia ambayo habari ya kazi humfikia kijana huyo si jambo dogo la kuachiwa kila mwenye kuajiri alitende apendavyo. Ni jambo la haki, na linaihusu jamii nzima.

Katika visiwa vyetu njia hiyo imebadilika kwa muda mfupi. Zamani nafasi ya kazi ilitangazwa redioni, ikapigwa chapa gazetini, na karatasi yake ikabandikwa ubaoni penye ofisi. Siku hizi sehemu kubwa ya matangazo, hasa ya hoteli, maduka na kampuni za watu binafsi, hupita katika simu za mkononi. LinkedIn ilianza mwaka 2003, Facebook mwaka 2004 na WhatsApp mwaka 2009. Katika miongo miwili hivi vyombo ambavyo aghlabu tulidhani ni vya mazungumzo na picha za harusi vimegeuka kuwa soko la kazi.

Hatusimami hapa kuvilaani vyombo hivyo. La hasha! Manufaa yake yanaonekana. Mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani anayetaka mpishi hupeleka habari yake siku hiyo hiyo bila ya gharama kubwa. Kijana wa Micheweni husoma habari ya kazi ya mjini Unguja bila ya kulipa nauli ya boti kwenda kuuliza mlango kwa mlango. Fundi seremala asiye na cheti, lakini mwenye mkono mzuri, huweza kuonyesha picha za milango aliyoichonga, na kazi yake ikamsemea. Anayekataa manufaa hayo atakuwa anakataa jua lisichomoze.

Pamoja na hayo, yafaa tujiulize: je, mlango huu mpya wa kazi umefunguliwa kwa wote, au umefunguliwa kwa wachache na wengine wakabaki nje bila ya kujua kwamba mlango upo?

Tuchukue mfano wa kundi la WhatsApp. Kundi moja halipokei zaidi ya watu 1,024. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar. Meneja anayeandika habari ya nafasi ya kazi katika kundi la marafiki zake, au la waliosoma naye, huweza kuapa kwamba ametangaza. Ukweli ni kwamba amewanong'oneza watu wake. Wao watawanong'oneza jamaa zao, na kabla ya jua kutua nafasi imekwisha kupata mwenyewe. Mtoto wa mvuvi wa Kojani na binti wa mkulima wa mwani wa Paje hawakushindwa katika usaili. Hawakuitwa, kwa kuwa hawakujua. Upendeleo wa kujuana tuliokuwa tukiukemea ofisini umepata vazi jipya, na kwa kuwa umevaa vazi la kisasa baadhi yetu tunaupigia makofi.

Hili si tatizo la visiwa vyetu peke yake. Huko Marekani, ambako Facebook ilizaliwa, mwenye kuajiri aliweza kwa miaka mingi kulipia tangazo la kazi na kuchagua nani alione: wanaume tu, au vijana tu, au wakaazi wa mitaa fulani. Mwanamke au mtu wa makamo hakukataliwa kazi kwa maneno. Tangazo halikumfikia kabisa, naye hakuwa na la kulalamikia. Vyama vya kutetea haki za raia na chama cha wafanyakazi vilikwenda mahakamani, na mwezi wa Machi 2019 Facebook ilikubali kuacha matangazo ya kazi, nyumba na mikopo yasichujwe kwa umri, jinsia wala mtaa.

Hata hivyo mambo hayakwisha hapo. Mwaka huo huo wataalamu wa vyuo vikuu vya huko walifanya jaribio. Walilipia matangazo ya kazi bila ya kuchagua jinsia yoyote, wakaiacha mitambo iamue wenyewe wa kuonyeshwa. Baadhi ya matangazo ya kazi ya mbao yaliwafikia watazamaji ambao 90 katika kila 100 walikuwa wanaume, na ya kazi ya kupokea fedha dukani yaliwafikia watazamaji ambao 85 katika kila 100 walikuwa wanawake. Mitambo ilikuwa imejifunza mazoea ya watu, ikayageuza kuwa sheria. Ikiwa nchi yenye mahakama na wataalamu wengi kiasi hicho iliweza kudhulumu watu bila ya wao kujua, sisi tunaojifunza leo hatuna budi kuwa macho.

Lipo pia suala la picha. Matangazo mengine humtaka mwombaji apeleke picha yake, umri wake na habari za ndoa yake, kana kwamba anaposwa na wala haajiriwi. Mapokezi ya hoteli yanahitaji mtu mwenye adabu, anayejua lugha na hesabu. Sura si sifa ya kazi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nambari 11 ya mwaka 2005, inakataza ubaguzi katika ajira, na ubaguzi unaofanywa kwa simu ni ubaguzi vile vile. Isitoshe, picha na vyeti vinavyopelekwa kwa mtu asiyejulikana ni amana iliyotupwa njiani. Nani anavihifadhi? Nani atavifuta? Jamhuri ya Muungano ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 kwa kutambua kwamba habari za mtu ni mali yake, na mwenye kuzipokea anabeba dhamana.

Tuliyoyataja ni ya dhulma. Sasa tuseme juu ya hadaa.

Tapeli wa leo hahitaji ofisi wala meza. Anahitaji nembo ya shirika linalojulikana, ambayo huinakili kwa dakika moja, na namba ya simu. Huandika kwamba zipo nafasi 50, mshahara mnono, elimu yoyote, mwisho wa maombi ni kesho. Kisha huja masharti: mwombaji atume fedha kidogo kwa simu, za fomu au za kupimwa afya. Fedha hizo huonekana ndogo, lakini zikitumwa na mamia ya vijana huwa mtaji wa mwizi. Wanaoumia ni wale ambao hawana, kwani mwenye shibe hana haja ya kukopa nauli ili alipie fomu ya kazi isiyokuwapo.

Hadaa kubwa zaidi ni ile inayomtoa mtu katika nchi yake. Uhusiano wa visiwa hivi na Oman na Ghuba ni wa karne nyingi, na wapo ndugu zetu wanaofanya kazi huko kwa heshima na kulea familia zao. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza pia masaibu ya wanawake wa Tanzania waliokwenda Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, wakanyang'anywa pasi zao, wakafanyishwa kazi saa nyingi bila ya mapumziko na wengine wakanyimwa mishahara. Wakala wa zamani alau alikuwa na sura na mtaa; mzazi aliweza kwenda kumgongea mlango. Wakala wa mtandaoni ni namba, na namba huzimwa.

Huko Asia ya Kusini-Mashariki mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Wengi walivutwa kwa matangazo ya kazi nzuri waliyoyaona katika simu zao, na waliotoka Afrika walikuwamo.

Nini basi kifanyike?

Kwanza, wenye kuajiri. Atumiaye mtandao na autumie, lakini tangazo lake liwe la wazi: liwe na jina kamili la mwajiri, mahali pa kazi, sifa zinazotakiwa, mshahara au daraja lake, siku ya mwisho ya maombi, na anwani ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu yake. Nakala ya tangazo hilo ipelekwe kwa sheha wa mahali penye kazi na isomwe redioni. Hoteli iliyojengwa juu ya ardhi ya kijiji isione taabu kubandika karatasi moja katika kijiji hicho.

Pili, wakuu wetu. Serikali imekwisha kuweka mfumo wa ZanAjira kwa nafasi za utumishi wa umma, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mfumo wa mtandaoni haumfikii asiye na simu ya kisasa wala fedha za kununulia data. Tunashauri kila ofisi ya shehia, Unguja na Pemba, iwe na ubao wa kazi unaobandikwa upya kila wiki. Kamisheni ya Kazi nayo itangaze mara kwa mara, kwa majina, mawakala wote wenye leseni, ili mwananchi aweze kumtambua asiye nayo. Na tapeli akikamatwa, wananchi waelezwe kesi yake imefikia wapi. Mwizi asiyeonekana akiadhibiwa huwafundisha wengine wizi.

Tatu, vijana wenyewe na wazee wao. Mapatano Nambari 181 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1997, yameweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, si kwa wazi wala kwa mzunguko. Kanuni hiyo ifundishwe skuli na isemwe majumbani: anayekutaka fedha kabla ya kukupa kazi anatafuta fedha zako. Ujumbe uliopita mikononi mwa wengi bila ya kujulikana ulikotoka usipelekwe mbele. Apigiwe simu mwajiri kwanza, kwa namba iliyo katika ofisi yake na si ile iliyo katika ujumbe. Na yeyote anayetaka kusafiri aache kwa wazee wake nakala ya mkataba, ya pasi, na jina la anayekwenda kumfanyia kazi.

Tunajua wapo watakaosema kwamba haya yatawachelewesha wenye biashara. Siku saba za kubandika karatasi ubaoni hazijafilisi hoteli yoyote. Kinachowafilisi watu ni kuwafanya vijana wa kisiwa kimoja waamini kwamba kazi hupatikana kwa kujuana au kwa kuhonga, kisha tukawashangaa wanapopanda ndege kwa ahadi ya mtu wasiyemjua. Wakuu wanaohusika wanayo madaraka ya kulirekebisha jambo hili, na bajeti yake haizidi mbao, karatasi na gundi. Tunawaomba waanze.