Mipira ya breki ya nyuzi za chuma: inafaa kwa pikipiki zipi za parokia?



Katika makisio ya kamati za parokia za Kilosa na Mikumi limeanza kuonekana ombi ambalo baadhi ya wafadhili wametuuliza maana yake: "mpira wa breki wa nyuzi za chuma". Wapo waliodhani ni mapambo. Wapo pia, hasa wenye uzoefu wa pikipiki huko kwao, walioahidi kutununulia kwa pikipiki zote kwa mkupuo mmoja. Tunawashukuru. Hata hivyo kwa pikipiki zetu nyingi jibu ni hapana, na kwa chache ni ndiyo, tena mapema. Tueleze kwa nini.

Pikipiki ya kigango hubeba katekista, muuguzi wa huduma za mkoba na masanduku ya chanjo, au bwana shamba na mbegu zake. Ukiacha barabara kuu ni vumbi na kokoto, na wakati wa masika ni tope. Upande wa magharibi wa Kilosa vijiji vingine viko juu kwenye milima ya Rubeho, na kurudi kutoka huko ni mteremko mrefu ukiwa na mzigo nyuma. Anayetoka Morogoro kwenda Mikumi hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa takriban kilomita 50, akiwa kati ya malori yaendayo Zambia na wanyama wanaovuka bila kupiga honi. Mwendo unaoruhusiwa humo una kikomo, na sababu yake huonekana jioni nyati anapotokea kwenye majani. Breki ya pikipiki hizi si jambo la kuahirisha hadi bajeti ijayo.

Zipo breki za aina mbili, na hapa ndipo maombi mengi yanapokosea. Aina ya kwanza ni ya dramu. Ukibana mkono wa breki, waya unavutwa na breki shuu zinapanuka ndani ya kikombe cha gurudumu. Yamaha AG100 zilizotumika sana na mashirika ya dini na miradi ya kilimo zina dramu mbele na nyuma. Boxer nyingi tunazoziona leo nazo ni hivyo hivyo. Hapo hakuna mafuta ya breki wala mpira wa kubadili. Kamati inayoomba mpira wa nyuzi kwa pikipiki ya dramu inaomba kitu kisicho na mahali pa kufungwa. Inachohitaji ni waya mpya, breki shuu mpya, na fundi wa kusafisha vumbi na tope lililojaa ndani.

Aina ya pili ni ya diski. Mkono wa breki husukuma mafuta kutoka kwenye kichupa kilicho karibu na usukani (mafundi huita masta silinda), mafuta yanapita ndani ya mpira hadi kwenye kalipa, na kalipa inabana diski kwa pedi mbili. Honda XR125L, kwa mfano, ina diski mbele na dramu nyuma. Maana yake, pikipiki hiyo inahitaji mpira mmoja tu. Mfadhili aliyefikiria seti kubwa anaweza kutulia.

Sasa tatizo la mpira wa kawaida. Mafuta yanapokandamizwa, mpira nao hutanuka kidogo, na sehemu ya nguvu ya vidole inaishia katika kuutanua badala ya kufika kwenye pedi. Ukiwa mpya utanukaji huo ni mdogo na hauna madhara. Kadiri unavyopigwa na jua, kokoto na joto, unalegea, unapasuka nje, na unyevunyevu hupenya taratibu hadi kwenye mafuta. Wakati mwingine ngozi ya ndani huvimba na kuziba njia, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na breki inabaki imekamata hata baada ya kuachia mkono. Watengenezaji kama Yamaha huagiza mipira ibadilishwe kila baada ya miaka 4 na mafuta kila baada ya miaka 2. Ni vyema kila kamati ijiulize mpira wa pikipiki yake una umri gani.

Mpira wa nyuzi una bomba la ndani la Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na juu yake nyuzi za chuma kisichoshika kutu zilizosukwa kama ukili wa mkeka. Hautanuki kama mpira wa kawaida, hauzeeki haraka kwa jua, na kokoto haliukati kirahisi. Mwendeshaji anausikia mkono wa breki ukiwa mgumu na wenye kutii. Kwa pikipiki inayoshuka Rubeho kila wiki, na ambayo mpira wake umekwisha umri, tofauti ya bei inastahili.

Lakini kuna mambo usiyoyaweza. Hauongezi mshiko wa tairi. Kwenye changarawe, mwendeshaji aliyezoea kubana kwa nguvu kwa sababu breki yake ililegea anaweza kufunga gurudumu la mbele siku ya kwanza na kuanguka. Apewe muda wa kuizoea uwanjani kabla ya kupakia abiria, na akumbushwe kushuka mlima kwa gia ndogo ili injini nayo isaidie kuzuia.

Aidha, hautibu ulegevu unaotokana na hewa au mafuta machakavu, na kwa uzoefu wa karakana nyingi huko ndiko ugonjwa ulipo mara nyingi. Mafuta ya breki hufyonza maji. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi joto zisizopungua 230, ila yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka mteremkoni hutoa mapovu, na mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani bila kukamata kitu. Basi anzeni na kichupa kipya, kilichofungwa, cha aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, na fundi atoe upepo wote. Msimruhusu mtu kuongeza oili ya injini. Huharibu sili za mpira zilizo ndani, na gharama yake hupita ya mpira wa nyuzi mara kadhaa.

Pimeni kwanza. Mtu mmoja abane mkono wa breki kwa nguvu, mwingine aushike mpira kwa vidole. Ukivimba, au ukiwa na nyufa, ubadilishwe. Kama hauvimbi na mkono unakuwa mgumu baada ya kupampu mara kadhaa, angalieni hewa na pedi kabla ya kutoa fedha.

Dukani kuna mipira ya rangi nyekundu na bluu inayopendwa na vijana wa bodaboda. Mingine ni mizuri, mingine ni pambo. Tafuteni wenye alama ya DOT iliyochapwa juu yake, vichwa vilivyobanwa kiwandani, na ganda la plastiki juu ya nyuzi. Bila ganda hilo, vumbi huingia kati ya nyuzi, na nyuzi zenyewe hukwangua kama msumeno kila kinachogusana nazo, hata waya wa klachi. Urefu uwe sawa na wa zamani. Washa za shaba ziwe mpya, maana za zamani huvujisha.

Pikipiki isitoke karakana kabla usukani haujageuzwa hadi mwisho kulia na kushoto, na shokapu za mbele kunyooka kabisa gurudumu likiwa limeinuliwa, bila mpira kuvutika. Kisha mkono wa breki ubanwe kwa dakika nzima huku fundi akikagua kila kiungo kwa karatasi kavu.

Tunaomba kila kamati ituletee, kabla ya masika, orodha ya pikipiki zake ikionyesha aina, dramu au diski, mwaka ambao mpira na mafuta vilibadilishwa mara ya mwisho, na njia ambayo pikipiki hupita zaidi. Zenye diski na zinazopanda milimani zitashughulikiwa kwanza. Zenye dramu zitapewa waya na breki shuu kutoka fungu lile lile, na wafadhili wataarifiwa hivyo katika taarifa ya robo ijayo.