Kofia ya Viua na Subira ya Sindano

Ukipita Lamu baada ya sala ya Alasiri, katika vichochoro vya Mkomani au Langoni, huenda ukamwona mtu ameketi barazani na kitambaa cheupe mapajani, sindano yapanda na kushuka, na mazungumzo hayakatiki. Usidhani atia kiraka. Ashona kofia ya viua, na yamkini aliianza miezi miwili iliyopita na bado ana mwezi mwingine mbele yake.

Wengi wenu, wasomaji, mnayo kofia hiyo kabatini, ya Idi na ya Maulidi. Lakini vijana wetu aghalabu wajua kuivaa tu. Mmoja aliniambia kwamba matundu yake ni ya kuingiza upepo. Upepo waingia, ni kweli, na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Ila matundu hayo ndiyo nakshi yenyewe. Kiua ni ua dogo. Kitambaa hutobolewa, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa mishono iliyobanana mpaka ukakaza kama pete. Viua vikipangwa safu kwa safu ndipo yatokeapo majani, nyota na mawimbi.

Vifaa vyake si vya gharama kubwa: bafta nyeupe, uzi mwembamba wa pamba au wa hariri, sindano nyembamba ya kushonea na nyingine nene ya kutobolea, kalamu ya risasi, mkasi, na subana kwa mwenye kuihitaji. Bafta hufuliwa kwanza, ili kanji ya kiwandani itoke na kitambaa kirudi kabla ya kushonwa, si baadaye kichwani mwa mtu. Kofia ina vipande viwili, mviringo wa utosini na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni nguo mbili zilizopandanishwa na kupigwa bandi zisihame, kisha nakshi huchorwa juu yake.

Hapo ndipo kazi hasa yaanza. Tundu halikatwi kwa mkasi, hasha. Nyuzi za kitambaa husukumwa kando kwa sindano nene bila ya kukatika, kwani uzi uliokatwa leo ndio utakaofumuka kofia ikifuliwa mara ya tatu. Kwa hiyo mshonaji huchagua pamba tupu. Kitambaa kilichochanganywa na nyuzi za plastiki ni kikaidi. Wakisukuma, nacho charudi. Kazi ikiisha, kofia hufuliwa, hutiwa kanji na kuvishwa faroma mpaka ikauke na kupata umbo lake.

Si sisi peke yetu tuliopenda tundu. Kule Venice, katika karne ya 16, mafundi wa kimia walianza kwa kukata nguo na kushona kingo zake, hata wakaiacha nguo kabisa wakawa washona uzi juu ya uzi. Wakauita punto in aria, yaani mshono wa hewani. Wanawake wa Uturuki nao wana oya yao, kimia cha sindano kipambacho pindo za mitandio. Na ndugu zetu wa Oman huvaa kumma, ambayo mtu wa pwani akiiona hahitaji kuambiwa udugu wake na kofia yetu.

Marehemu shangazi yangu alishona maisha yake yote, wala hakuwa fundi wa kuuza. Nilipooa alinishonea kofia aliyoianza Mfungo Pili na kuimaliza Mfungo Sita, akishona baina ya kupika na kulea. Aliuza moja tu, mwaka wa shida, na mchuuzi aliyeinunua alipata mara mbili ya bei hiyo mjini. Tangu hapo akasema kofia zake ni za kupewa mtu, si za kununuliwa. Wakati ule nilimwona mkaidi. Sasa naona hesabu yake ilikuwa sawa. Kofia za mashine kutoka ng'ambo zauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na ya mkono, hata ikiuzwa kwa maelfu ya shilingi, ukiigawa bei hiyo kwa siku zilizotumika wapata ujira wa kuchekesha. Kazi hii yaendelea kwa sababu wako watu ambao mikono yao haitulii bila ya sindano. Mfanyabiashara angeiacha zamani.

Alipofariki tulikuta ndani ya kopo lake la biskuti kofia ya mwisho. Mviringo ulikuwa tayari. Ukanda ulikuwa umefika nusu, na sindano ingali imechomwa pale alipokomea, imeacha alama ya kutu. Nilimpelekea fundi mmoja mzee animalizie. Akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia. "Bwana, huu si mkono wangu," akasema. "Itajulikana."

Ikakaa miaka katika kopo lile. Mwaka jana binti yangu mdogo aliitoa, akaomba afundishwe. Mama yake alimpa kwanza kipande cha bafta cha kujifunzia. Juma la kwanza alitoboa matundu tisa na kuyafumua saba, akalia, akaendelea. Baada ya miezi kadhaa ndipo aliporuhusiwa kuugusa ukanda wa nyanya yake. Doa la kutu tulilisugua kwa ndimu na chumvi na kulianika juani. Limefifia, halikutoka lote.

Sasa yuko safu ya tatu. Ukiuinua ukanda kwenye mwanga waona dhahiri mahali mkono mmoja ulipokoma na mwingine ulipoanza, maana viua vya binti ni vikubwa kidogo na havijabanana sawasawa. Aliniuliza kama avifumue aanze upya. Nimemwambia aviache.