Kura za Lang'ata zina mengi ya kutufunza

Ukiabiri matatu katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Karen kwa kufuata barabara ya Lang'ata, hebu tazama nje ya dirisha. Mkono wa kushoto utauona uwanja wa ndege wa Wilson. Mkono wa kulia, nyuma ya majumba ya ghorofa, yapo mapaa ya mabati ya Kibera, yamebanana kama magamba ya samaki. Endelea na safari na utafika Karen, ambako bustani ya nyumba moja yaweza kumeza ploti nyingi za Kibera.

Je, msomaji, unajua kwamba kwa miaka mingi wakazi wa pande hizo mbili walikuwa na mbunge mmoja? Siku ya kura, bwana mwenye bustani na mlinzi wake wa usiku walipewa karatasi sawa, na kila karatasi ilihesabiwa mara moja tu. Lakini sharti lilikuwa moja: jina lako liwe katika daftari la wapiga kura. Mengi yaliyotokea Lang'ata yanatukumbusha sharti hilo.

Ahadi iliyozaa miti

Tuanze mwaka wa 1974. Katika uchaguzi wa mwaka huo, Mwangi Mathai alikitwaa kiti cha Lang'ata baada ya kushindwa mwaka 1969. Katika kampeni zake aliwaahidi watu kazi. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, mkewe, Wangari Maathai, ndiye aliyekosa usingizi kwa sababu ya ahadi hiyo. Alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, ili wasiokuwa na kazi wapate kibarua cha kupanda na kutunza miti.

Kampuni hiyo haikudumu. Wazo, hata hivyo, halikufa. Mwaka 1977 lilichipuka upya na kuwa Green Belt Movement, na mwaka 2004 mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa hivyo, mzazi, mtoto akikuuliza ikiwa ahadi za kampeni huwa na faida yoyote, msimulie kisa hiki. Lakini usisahau kumwambia kwamba ahadi hii ilizaa matunda kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeikumbuka baada ya kura.

Mwaka 1979, Philip Leakey, mwana wa wanaakiolojia mashuhuri Louis na Mary Leakey, alishinda kiti hicho. Fikiria jambo hilo: miaka 16 baada ya uhuru, wapiga kura Waafrika walimchagua Mzungu awawakilishe bungeni. Yule anayedai kwamba Wakenya hawajui kupiga kura isipokuwa kwa kabila, mwelekeze Lang'ata.

Simba, trekta na chungwa

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi uliandaliwa tarehe 29 Desemba 1992. Kiti kilichokuwa cha Leakey wa KANU kilinyakuliwa na Raila Odinga wa Ford-Kenya, chama cha alama ya simba kilichoongozwa na baba yake, Jaramogi Oginga Odinga. Mzee alifariki Januari 1994, na mvutano wa uongozi kati ya Raila na Michael Wamalwa Kijana ukakitikisa chama. Raila akaondoka, akajiunga na NDP, chama cha alama ya trekta.

Hapo ndipo sheria ilipomdai. Mbunge aliyekihama chama kilichompeleka bungeni alipaswa kukiacha kiti na kurudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1966, Jaramogi na wenzake walipoihama KANU na kuingia KPU. Miaka 31 baadaye mtego uliotegwa kwa ajili ya baba ulimkuta mwana. Katika uchaguzi mdogo wa Machi 1997, watu wa Lang'ata waliombwa waamue kati ya chama na mtu. Waliomfuata kwa simba walimfuata kwenye trekta, naye akarudi bungeni.

Desemba mwaka uo huo walimchagua tena, kisha mwaka 2002 akiwa NARC. Mwaka 2007 aligombea kwa tiketi ya ODM, chama cha chungwa. Mwaka huo macho ya nchi nzima yalikuwa Lang'ata. Kwa nini? Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea urais angeweza kuzoa mamilioni ya kura kote nchini, lakini akibwagwa katika eneo lake la ubunge, Ikulu angeiona kwa mbali. Mpinzani wake Stanley Livondo wa PNU alilijua hilo, na alipiga kampeni kali.

Asubuhi ya tarehe 27 Desemba, Raila alifika katika kituo cha Old Kibera kupiga kura, na jina lake halikuonekana katika daftari! Ilimbidi aondoke, arudi baadaye ndipo akapiga kura. Alikihifadhi kiti chake, lakini matokeo ya urais yalizua ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini. Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoungua, na hata reli inayopita humo iling'olewa.

Mpaka mpya

Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilieleza mwaka 2008 jinsi maeneo ya ubunge yalivyotofautiana mno kwa idadi ya watu. Katiba ya 2010 iliongeza viti kutoka 210 hadi 290, na Nairobi ikapata 17 badala ya 8. Lang'ata ikakatwa. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zikabaki na jina la zamani. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra, jina linalotokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu.

Tofauti ilionekana upesi. Mwaka 2013 pande zote mbili zilichagua ODM: Joash Olum huku, Ken Okoth kule. Mwaka 2017 Lang'ata ilimchagua Nixon Korir wa Jubilee, ilhali Kibra ilibaki na Okoth, kijana aliyezaliwa na kulelewa Kibera. Saratani ilimwondoa duniani Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 41.

Katika kinyang'anyiro cha kumrithi, McDonald Mariga, mwanasoka aliyewahi kuichezea Inter Milan, alikataliwa kwanza na afisa wa uchaguzi kwa sababu jina lake halikupatikana katika daftari. Daftari lile lile! Ilibidi apate uamuzi wa kumruhusu kabla ya kushiriki uchaguzi wa tarehe 7 Novemba, ambapo Imran Okoth, ndugu ya marehemu, alimshinda kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230. Mwaka 2022 ODM ilichukua viti vyote viwili: Peter Orero, mwalimu mkuu, Kibra; na Felix Odiwuor, mtangazaji ajulikanaye kama Jalang'o, Lang'ata.

Raila alifariki Oktoba 2025. Kati ya yote yaliyosemwa juu yake, kumbuka na hili dogo: asubuhi moja, mtu aliyetaka kuwa rais alisimama mbele ya karani na jina lake halikuonekana. Yeye aliweza kurudi akapiga kura. Je, wewe ungekuwa na subira ya kurudi?

Basi, mwanafunzi uliyetimiza miaka 18, chukua kitambulisho chako ukajiandikishe. Nanyi wazazi, hakikisheni majina yenu yapo, tena mapema. Mwenye bustani na mlinzi wake ni sawa mbele ya sanduku la kura, lakini asiye katika daftari hayumo katika hesabu.