Maumivu Sugu ya Mgongo: Zoezi Gani Litakusaidia?

"Daktari, nipe lile zoezi lenyewe la mgongo." Ombi hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki. Anayeliomba huwa amebeba picha ya X-ray ndani ya bahasha ya kaki, amejifunga mkanda kiunoni, na ameacha mambo mengi: kuchota maji, kufua, kupalilia, wengine hata kurukuu katika sala. Anaamini lipo zoezi moja, na akilipata atapona.

Maumivu ya mgongo wa chini yakipita wiki 12 huitwa sugu. Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kwamba ndio chanzo. Picha nazo huwatia watu hofu bure. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 wasioumwa popote, na kwa asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Pingili huzeeka kama nywele zinavyoota mvi. Maumivu yanapokaa muda mrefu, mfumo wa fahamu huzidisha ulinzi, mithili ya mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Mgonjwa husikia uchungu mkali mahali ambapo hakuna kinachoharibika.

Mazoezi humzoesha mbwa huyo. Wataalamu wamefika hapo kwa njia mbalimbali.

Mwaka 1956, huko Wellington, Nyuzilandi, mgonjwa wa mtaalamu Robin McKenzie alilala kifudifudi juu ya kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Mgongo wake ulipinda kinyumenyume, jambo lililoogopwa wakati ule, na maumivu ya mguu yaliyokuwa yamemsumbua yakatulia. Kutokana na tukio hilo McKenzie alibuni njia ya kupima ni upande gani wa kujipinda unaoyarudisha maumivu kutoka mguuni hadi kiunoni. Mgonjwa hufundishwa kuurudia mwenyewe nyumbani, mara nyingi kwa siku.

Njia ya pili ilitoka Australia. Mwaka 1996 watafiti Hodges na Richardson waliona kwamba kwa watu wenye maumivu ya mgongo, msuli wa ndani kabisa wa tumbo huchelewa kukaza pale mkono unapoinuliwa. Yakazaliwa mazoezi ya kuuamsha msuli huo polepole, kwa umakini mkubwa. Pilates inakaribiana nayo. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezuiliwa katika Kisiwa cha Man wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliunganisha pumzi, kiwiliwili na utulivu wa mwendo. Halafu yapo mazoezi ya kuongeza nguvu kwa kunyanyua uzito, na kutembea kwa miguu.

Je, ipi inashinda? Mwaka 2021 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 249. Waliofanya mazoezi walipungukiwa maumivu kwa takriban pointi 15 zaidi, katika kipimo cha 100, kuliko wasiotibiwa au waliopata huduma ya kawaida. Aina za mazoezi zilipolinganishwa, Pilates na McKenzie zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, lakini si kwa umbali mkubwa. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2016, haukuona kwamba mazoezi ya msuli wa ndani yanayapita mengine kwa kiasi cha kumfaa mgonjwa.

Kinachofanana katika njia hizi zote ndicho kinachotibu: mwili unasogea, mzigo unaongezeka kidogo kidogo, na mtu anajionea kwamba kuinama hakumvunji. Jaribio la Australia la mwaka 2023, lenye wagonjwa 492, lililifanyia kazi hilo la mwisho moja kwa moja. Wataalamu walizungumza na mgonjwa juu ya hofu zake, wakamfundisha kufanya tena zile kazi alizoziogopa, na manufaa yakaonekana hata baada ya mwaka mzima.

Kwa hiyo nachagua kwa kumtazama mtu. Maumivu yakishuka mguuni na yakapanda kiunoni akijipinda upande mmoja, naanza na McKenzie. Anayebeba magunia anahitaji nguvu. Mwenye wasiwasi na kila mwendo humfaa mwanzo wa taratibu kama Pilates. Asiye na nauli ya kuja kliniki kila wiki nampangia kutembea. Jaribio jingine la Australia, lililotolewa mwaka 2024, liliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepata nafuu. Nusu ya waliopewa mpango wa kutembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurudi, dhidi ya siku 112 kwa wasiopewa. Lengo lao lilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki.

Uchungu ukiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kesho yake ukarudi kama kawaida, endelea. Jipe miezi miwili au mitatu kabla ya kuhukumu. Mkanda wa kiuno, kuvutwa mgongo na mashine ya mawimbi ya sauti si tiba ya kutegemea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri visitumike kama kawaida. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa ikakushinda, miguu ikalegea, au ukapungua uzito na kupata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu, na hakitibiwi kwa mazoezi.

Ninapoombwa zoezi siku hizi, kwanza nauliza: ni kazi gani mgongo umekunyang'anya? Mama mmoja akijibu kwamba hachoti tena maji, naleta ndoo yenye lita 3, tunaichukua pamoja kutoka sakafuni, mara 8. Wiki inayofuata inakuwa na lita 5. Siku atakayoibeba ya lita 20 hadi nyumbani kwake, hataniuliza tena zoezi la mgongo ni lipi, kwa kuwa atakuwa amelifanya njia nzima.