Chozi wa Amani

Mwenye shauku ya kumwona chozi wa Amani hana budi kuwa na saburi na kuinua macho juu sana, kwa kuwa ndege huyu, ambaye urefu wake toka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia ni sentimita 9 hivi, aghalabu hushinda vileleni mwa miti mirefu, akitafuta wadudu na asali ya maua pamoja na makundi ya ndege wa jinsi nyingine. Maskani yake ni machache: msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, na huko Tanzania misitu ya Usambara Mashariki na Udzungwa. Jina amelipata Amani, katika Usambara, palipokuwa na chuo cha utafiti wa kilimo kilichoasisiwa na Wajerumani mwaka 1902. Na ni Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi hapo baadaye, ambaye pamoja na mtaalamu mwenzake W. L. Sclater alimtangaza kwa wataalamu mwaka 1935.

Dume ana kichwa na koo za kijani cha giza chenye kumeta, na tumbo jeupe. Jike ni wa kijivu. Mmeto ule hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na tabaka nyembamba mno zinazorudisha nuru. Ndiyo sababu ndege yule yule, akigeuka kidogo tu, huonekana mweusi.

Jamii nzima ya chozi imejaaliwa ulimi mrefu uliojikunja mfano wa mrija, nao huufikisha katika kina cha ua. Yapo maua ya mimea iotayo juu ya matawi ya miti mingine ambayo hukaa yamefumba hata chozi ayaguse kwa mdomo. Papo hapo hufunguka kwa kishindo, chavua ikamrukia usoni, naye akaipeleka kwenye ua jingine pasipo kujua hidima aliyoitenda. Lakini asali peke yake haikuzi kinda. Makinda hulishwa wadudu na buibui, na utando wa buibui ndio uzi ambao jike hufungia nyasi na nyuzinyuzi za kiota chake kinachoning'inia tawini.

Katika Arabuko-Sokoke chozi wa Amani hupendelea sehemu za miti ya mrihi, nayo miti hiyo ikikatwa, kiumbe wa vileleni hana pa kushukia. Nasema kwa yakini kwamba msitu uliosimama una faida hata kwa mfuko wa mkulima: huko Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha majirani wa msitu huo kufuga vipepeo na kuuza mabundo (pupa) yao ng'ambo. Basi, ewe msomaji, ununuapo makaa, nguzo au kinyago, uliza kwanza mti wake umetoka wapi, na kama muuzaji hana jibu, usinunue.