Kabla ya Kumkabidhi Watoto Wako
Mama mpendwa, unatafuta dereva wa kuwapeleka watoto shuleni? Nchini Kenya, hukumu nyingi husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Tanzania, katika TanzLII. Andika majina yake kamili, usome hukumu hadi mwisho.

Lakini uwe mwangalifu. Majina hufanana, kushtakiwa si kutiwa hatiani, na rufani huweza kumwachilia mtu. Tena kesi nyingi za mahakama za chini hazimo. Kwa hiyo mwombe pia cheti cha tabia njema, ambacho Kenya hutolewa na polisi baada ya kukagua alama za vidole.

Ukiliona jina lake, mwulize yeye kwanza. Usilipeleke kwa jirani. Kumbukumbu la Torati 19:15 yataka mashahidi wawili au watatu. Linda watoto wako, na jina la mwenzako pia.