Uwanja wa Watu Weusi huko Pittsburgh

Wamarekani hupenda sana mchezo wa besiboli. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia. Zamani Wazungu waliwafungia watu weusi mlango wa ligi yao kuu, nao wakaunda timu zao wenyewe.

Timu moja ilikuwa Crawfords ya mji wa Pittsburgh. Ilipokodi uwanja wa Wazungu, Forbes Field, fedha zilipokewa, lakini wachezaji walikatazwa kutumia vyumba vya kuvalia. Mwenye timu, Gus Greenlee, mtu mweusi aliyetajirika kwa bahati nasibu ya haramu, akajenga uwanja wake kwa dola 100,000 hivi. Ulifunguliwa mwaka 1932. Sasa wachezaji wakavalia nguo kwao.

Hapo walicheza mabingwa Satchel Paige, mrushaji, na Josh Gibson, mpigaji. Mwaka 1935 Crawfords walitwaa ubingwa wa ligi ya weusi.

Mwaka 1938 uwanja ulibomolewa, pakajengwa nyumba za kupangisha wenye mapato madogo. Gibson alifariki Januari 1947. Aprili mwaka ule ule, Jackie Robinson, mtu mweusi, akapokewa katika ligi kuu.